SOMO LA KUMI NA MBILI: Namba 86,400, Sekunde za Siku Moja

Siku ni mali ambayo watu wote hupewa sawa. Tajiri hapati zaidi, wala maskini hapati pungufu. Lakini siku moja ina sekunde ngapi? Na namba hiyo ya sekunde ina tabia gani? Katika somo hili tutaitafuta namba hiyo, kisha tutaichunguza kama tunavyochunguza jani au mdudu. Tutaitazama kwa nje, tutaipasua ndani, halafu tutailinganisha na majirani zake.

A. SEKUNDE NI NINI?

Jaribio la 1

Vifaa: uzi imara unaozidi mita moja, jiwe dogo, rula ya mita, na saa yenye mshale wa sekunde.

Njia:
1. Funga jiwe kwenye ncha moja ya uzi. Funga ncha ya pili kwenye tawi la mti au kwenye msumari ulio juu, ili jiwe lining'inie bila kugusa kitu.
2. Pima kutoka mahali uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe. Rekebisha uzi hadi urefu huo uwe sentimita 99.
3. Vuta jiwe kando kidogo, kiasi cha upana wa kiganja chako. Liachie bila kulisukuma.
4. Hesabu kila safari ya jiwe kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Hesabu hadi 60. Mwenzako atazame saa.

Je, umeona nini? Safari 60 zimechukua karibu dakika moja. Kwa hiyo kila safari imechukua karibu sekunde moja. Rudia jaribio hili kwa jiwe zito zaidi, bila kubadili urefu. Utaona kwamba uzito wa jiwe haubadilishi muda wa safari. Sasa fupisha uzi uwe nusu. Jiwe litakwenda haraka zaidi. Basi kinachoamua muda wa safari ni urefu wa uzi.

Je, tunaweza kukaa chini ya mti tukahesabu safari za jiwe mchana kutwa na usiku kucha? Hapana. Jiwe litasimama, na sisi tutasinzia. Hapo ndipo hesabu inapotusaidia. Tunajua kwamba:

dakika 1 ni sekunde 60;
saa 1 ni dakika 60, yaani 60 x 60 = sekunde 3,600;
siku 1 ni saa 24, yaani 24 x 3,600 = sekunde 86,400.

Namba yetu ni elfu themanini na sita na mia nne. Tarakimu 8 imesimama mahali pa makumi elfu, 6 mahali pa maelfu, 4 mahali pa mamia, na sifuri mbili mahali pa makumi na mamoja.

B. KUITAZAMA NAMBA KWA NJE

Mganga huanza kwa kumtazama mgonjwa kabla ya kumpima. Nasi tunaweza kujua mambo mengi juu ya namba kwa kuzitazama tarakimu zake tu, kabla ya kuigawanya.

Tarakimu ya mwisho ni 0. Kwa hiyo 86,400 ni namba shufwa: inagawanyika kwa 2 bila baki. Tena inagawanyika kwa 5 na kwa 10.

Tarakimu mbili za mwisho ni 00. Kwa hiyo inagawanyika kwa 4, kwa 25 na kwa 100.

Tarakimu tatu za mwisho ni 400, na 400 ni 8 x 50. Kwa hiyo inagawanyika kwa 8.

Jumla ya tarakimu zake ni 8 + 6 + 4 + 0 + 0 = 18. Namba 18 inagawanyika kwa 3 na kwa 9. Kwa hiyo 86,400 nayo inagawanyika kwa 3 na kwa 9. Na kwa kuwa inagawanyika kwa 2 na kwa 3, lazima igawanyike kwa 6.

Sasa jaribu 7. Utapata 12,342 na baki 6. Jaribu 11. Utapata 7,854 na baki 6. Kwa hiyo katika namba zote kutoka 1 hadi 10, ni 7 peke yake inayoishinda namba yetu.

C. KUIPASUA NAMBA

Kumbuka: namba tasa ni namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na namba yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. Namba 1 si tasa, kwa sababu ina kigawo kimoja tu.

Kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama ukuta uliojengwa kwa matofali. Tuyatafute matofali ya 86,400. Tunagawanya kwa 2 mpaka 2 ikatae, kisha kwa 3 mpaka 3 ikatae, kisha kwa 5.

86,400 ÷ 2 = 43,200
43,200 ÷ 2 = 21,600
21,600 ÷ 2 = 10,800
10,800 ÷ 2 = 5,400
5,400 ÷ 2 = 2,700
2,700 ÷ 2 = 1,350
1,350 ÷ 2 = 675
675 ÷ 3 = 225
225 ÷ 3 = 75
75 ÷ 3 = 25
25 ÷ 5 = 5
5 ÷ 5 = 1

Kwa hiyo:
86,400 = 2 x 2 x 2 x 2 x 2 x 2 x 2 x 3 x 3 x 3 x 5 x 5

Tazama ajabu hii. Namba ni kubwa, lakini matofali yake ni ya aina tatu tu, nayo ni madogo: mbili saba, tatu tatu, na tano mbili. Hakuna 7 ndani yake, wala 11. Ndiyo maana 7 na 11 zilikataa.

D. KUHESABU VIGAWO BILA KUVIANDIKA VYOTE

Tuanze na namba ndogo. 12 = 2 x 2 x 3. Ili kutengeneza kigawo cha 12, tunachagua baadhi ya matofali yake. Tunaweza kutochukua 2 hata moja, au kuchukua moja, au kuchukua zote mbili: hizo ni njia tatu. Tunaweza kuiacha 3 au kuichukua: hizo ni njia mbili. 3 x 2 = 6. Basi 12 ina vigawo sita. Hakikisha: 1, 2, 3, 4, 6 na 12.

Sasa tufanye vivyo hivyo kwa 86,400. Mbili ni saba, kwa hiyo tuna njia nane za kuchagua, tangu kutochukua hata moja hadi kuchukua zote saba. Tatu ni tatu, kwa hiyo tuna njia nne. Tano ni mbili, kwa hiyo tuna njia tatu.

8 x 4 x 3 = 96

Namba 86,400 ina vigawo 96. Hatukuhitaji kuviandika vyote ili kujua idadi yake.

Wagiriki wa kale waligawa namba katika makundi matatu kwa kujumlisha vigawo vyake, bila kuihesabu namba yenyewe. Vigawo vya 8 ni 1 + 2 + 4 = 7. Jumla haikuifikia 8, kwa hiyo 8 ni namba pungufu. Vigawo vya 6 ni 1 + 2 + 3 = 6. Jumla imelingana na namba, kwa hiyo 6 ni namba timilifu. Vigawo vya 12 ni 1 + 2 + 3 + 4 + 6 = 16. Jumla imezidi, kwa hiyo 12 ni namba ya ziada. Tukivijumlisha vigawo vya 86,400 bila yenyewe, tunapata 229,800. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya namba yenyewe. Basi 86,400 ni namba ya ziada, tena ziada kubwa.

E. JE, NI MRABA?

Namba 25 ni mraba wa 5, kwa sababu 5 x 5 = 25. Je, iko namba nzima ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 86,400?

293 x 293 = 85,849. Hiyo ni ndogo.
294 x 294 = 86,436. Hiyo imezidi kwa 36.

Hakuna namba nzima kati ya 293 na 294. Kwa hiyo 86,400 si mraba. Matofali yangeweza kutuambia mapema. Katika mraba, kila tofali lazima liwe na mwenzake. Hapa mbili ni saba, kwa hiyo moja imebaki peke yake. Tatu ni tatu, na moja imebaki peke yake. Tukizipatia wenzao, yaani tukizidisha namba yetu kwa 2 x 3, tutapata 518,400, ambayo ni 720 x 720.

F. MAJIRANI WAWILI

Namba 86,399 na 86,401 ni majirani wa 86,400. Mmoja yuko kushoto, mwingine kulia. Tofauti ni moja tu. Je, tabia zao zinafanana?

Tuanze na 86,401. Ni namba witiri. Gawanya kwa 7: utapata 12,343 bila baki. Na 12,343 ni namba tasa. Kwa hiyo vigawo vya 86,401 ni vinne tu: 1, 7, 12,343 na 86,401.

Sasa 86,399. Nayo ni witiri. Haigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, wala 11. Je, tuendelee kujaribu mpaka lini? Tumeona kwamba 294 x 294 huzidi 86,400. Kwa hiyo kama 86,399 ingekuwa zao la namba mbili, moja kati ya hizo mbili lazima ingekuwa ndogo kuliko 294. Basi inatosha kujaribu namba tasa zote kutoka 2 hadi 293. Idadi yake ni 62. Ukizijaribu zote kwa uvumilivu, utaona kwamba kila moja inaacha baki. Namba 86,399 ni tasa. Vigawo vyake ni viwili tu.

Andika katika daftari lako:

86,399: vigawo 2
86,400: vigawo 96
86,401: vigawo 4

Hilo ndilo jambo kuu la somo hili. Ukubwa wa namba hautuambii tabia yake. Namba mbili zinaweza kukaa bega kwa bega, moja ikagawanyika kwa njia nyingi na nyingine isikubali kugawanyika kabisa. Usiihukumu namba kwa kuitazama jirani yake. Ipime yenyewe.

G. KWA NINI JAMBO HILI LINA FAIDA?

Siku huhitaji kugawanywa. Fikiri juu ya mama aliyepewa dawa zahanati na kuambiwa ampe mtoto mara tatu kwa siku, kwa muda ulio sawa. 86,400 ÷ 3 = 28,800, na sekunde 28,800 ni saa 8 kamili. Akianza saa 1 asubuhi, atampa tena saa 9 alasiri, kisha saa 5 usiku. Hakuna sekunde inayobaki, wala haitaji kukisia.

Sasa fikiri kwamba siku ingekuwa imegawanywa katika sehemu 86,399. Mama huyo hangeweza kuigawa siku mara tatu kwa namba nzima, wala mara mbili, wala mara nne. Isingewezekana kuwa na saa kamili, wala dakika kamili, wala vipindi vya shule vinavyolingana.

Watu wa kale waliziona faida za namba zinazogawanyika vizuri. Wamisri wa kale waligawa mchana katika sehemu 12 na usiku katika sehemu 12. Watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walihesabu kwa kufuata sitini. Namba 60 ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Kutoka kwa namba hizo, 24 na 60, tumepata saa, dakika na sekunde zetu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo katika Kiswahili tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa 12 za mchana hutufikisha karibu na machweo.

Mwaka 1793 serikali ya Ufaransa ilijaribu njia nyingine. Iliamuru kwamba siku igawanywe katika saa 10, kila saa dakika 100, na kila dakika sekunde 100. Siku yao ilikuwa na sekunde 10 x 100 x 100 = 100,000. Namba hiyo inapendeza kuiandika. Lakini ipasue: matofali yake ni mbili tano na tano tano. Idadi ya vigawo vyake ni 6 x 6 = 36 tu. Tena hakuna 3 ndani yake. Theluthi ya siku ingekuwa sekunde 33,333 na baki 1. Watu nao walikuwa na saa zao za zamani na mazoea yao. Mwaka 1795 amri hiyo iliachwa. Tazama tena: 100,000 ni kubwa kuliko 86,400, lakini vigawo vyake ni vichache zaidi.

H. SEKUNDE YA ZIADA

Dunia huzunguka juu ya mhimili wake, nasi hupata mchana na usiku. Lakini mzunguko wake hausawaziki kabisa. Saa za atomu, ambazo ni sahihi kuliko jiwe letu na uzi, zimeonyesha kwamba Dunia huchelewa au huwahi kwa kiasi kidogo sana. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1972 wataalamu walianza kuongeza sekunde moja katika saa za dunia kila ilipohitajika. Hadi mwisho wa mwaka 2016 zilikuwa zimeongezwa sekunde 27. Siku iliyoongezwa sekunde ilikuwa na sekunde 86,401. Wewe sasa unajua siku hiyo ilikuwa na namba ya aina gani.

I. TONE MOJA KWA SEKUNDE

Jaribio la 2

Vifaa: chupa ya plastiki yenye tundu dogo sana kwenye kizibo, maji, na kijiko cha chai cha mililita 5.

Njia: Inamisha chupa ili maji yadondoke tone moja moja ndani ya kijiko. Hesabu matone mpaka kijiko kijae.

Matone hayalingani, lakini kijiko hujaa kwa karibu matone 100. Sasa fikiri juu ya bomba bovu linalodondosha tone moja kila sekunde. Kwa siku litadondosha matone 86,400. Hivyo ni vijiko 864, yaani mililita 4,320. Lita nne na zaidi zimepotea kwa siku moja, na hakuna aliyesikia kelele. Kabla ya siku tano kwisha, ndoo ya lita 20 ingekuwa imejaa. Je, bomba la shule yenu likoje?

TULIYOJIFUNZA

1. Siku moja ina sekunde 86,400.
2. Namba hii ni shufwa, si tasa, si mraba, na ni namba ya ziada.
3. Matofali yake ni 2 mara saba, 3 mara tatu na 5 mara mbili. Ina vigawo 96.
4. Namba zilizo jirani zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.
5. Namba yenye vigawo vingi hurahisisha kugawana kwa haki.

MAZOEZI

1. Katika 86,400 thamani ya tarakimu 6 ni ngapi? Thamani ya tarakimu 4 je?
2. Bila kugawanya, eleza kwa nini 86,400 inagawanyika kwa 12 na kwa 15.
3. Ipasue namba 3,600 katika namba tasa. Kisha tafuta idadi ya vigawo vyake. Je, 3,600 ni mraba?
4. Mwanafunzi mmoja alisema: "Namba 3,599 haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7. Basi ni tasa." Je, amesema kweli? Jaribu kuigawanya kwa 59. Kosa lake ni nini?
5. Panga namba hizi katika makundi matatu, pungufu, timilifu na za ziada: 10, 18, 24, 28.
6. Bomba la kijiji hufunguliwa saa 12 kila siku, yaani sekunde 43,200. Vitongoji vitano vinagawana muda huo sawasawa. Kila kitongoji kitapata sekunde ngapi? Hizo ni saa ngapi na dakika ngapi? Kama vitongoji ni saba, je, hesabu itatoka bila baki?
7. Tafuta sekunde za juma moja. Je, namba hiyo inagawanyika kwa 7? Eleza bila kugawanya.
8. Hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika moja ukiwa umetulia. Kama yangekuwa hivyo siku nzima, moyo wako ungepiga mara ngapi? Linganisha jibu lako na 86,400.

KAZI YA NYUMBANI

Chagua namba yoyote yenye tarakimu nne: inaweza kuwa mwaka uliozaliwa. Ipasue, hesabu vigawo vyake, kisha fanya vivyo hivyo kwa majirani zake wawili. Darasani mlinganishe majibu. Ni nani aliyepata namba yenye vigawo vingi zaidi? Na ni nani aliyepata namba tasa?